Breki za Gari ya Uroa

Baba yangu aliendesha gari ya abiria baina ya Darajani, mjini Unguja, na Uroa kwa miaka ishirini bila ya kukanyaga hata kuku, halafu mchana mmoja, akirudisha watu Uroa, alipofika Dunga akaigonga baraza ya duka. Baraza yenyewe ya mawe na chokaa, pana kama kitanda, ilikuwepo pale tangu yeye hajazaliwa. Hakuumia mtu. Gunia la unga lilipasuka, mwenye duka akaruka na birika lake mkononi, na abiria wakateremka mmoja mmoja wakijipapasa viungo. Baba alibaki ameshika usukani. Walipomuuliza kumetokea nini alijibu neno moja tu: "Breki."

Neno hilo lilikuwa uongo. Nalisema mapema, nisije nikaambiwa nimewatega watu. Breki zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni macho yake.

Abiria walikataa kupanda tena, wakamaliza safari kwa miguu na kwa gari ya mkaa iliyopita baadaye. Baba akaigeuza gari, akairudisha mjini polepole, utingo wake amesimama kwenye ubao wa mlangoni akimwelekeza. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza gari isiyo na breki imefikaje mjini. Mtu aliyekaa miaka ishirini bila ya kukanyaga kuku, akisema breki, ni breki.

Siku hizi mtoto wa jicho ni kazi ya asubuhi moja. Mimi mwenyewe nimeshatolewa yote mawili, na siku ya pili nikapika. Lakini miaka ile ya hamsini mtu akianza kuona ukungu alisema ni vumbi la njiani, akajipaka wanja, akanyamaza. Baba alinyamaza zaidi kuliko wengine, na alikuwa na sababu. Si kwamba aliogopa kuacha kazi, maana siku ileile alipofika nyumbani alisema gari ataiuza. Aliogopa ijulikane kwamba kwa miezi mingi amepakia mama za watu na watoto wa watu, naye njia anaikisia. Hakuwa na mikarafuu, hakuwa na nyumba ya mawe mjini. Alikuwa na jina lake tu, dereva asiyekanyaga kuku, na hilo likimtoka hana jengine.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimerudi nyumbani na talaka yangu moja, na kusema kweli sikuwa na haraka ya kutafuta ya pili. Mama alikwisha kufariki. Tulikuwa tukikaa wawili tu, baba na mimi, mtaa wa Ng'ambo, mwendo mfupi kutoka Darajani, katika nyumba ya udongo yenye uwanja wa kutosha gari. Nilikuwa nikishona kofia za mkono. Jioni ya siku hiyo ya Dunga nilimpa baba kofia niliyokuwa nikiimaliza, nikamuuliza kama maua yamekaa sawa. Akaigeuza, akaipitishia kidole, akaisifu sana. "Mashaallah, mkono wako umekuwa mwepesi siku hizi," akasema. Alikuwa ameishika ndani nje, na nyuzi zote zinaning'inia.

Nikaipokea, nikasema ahsante. Tangu hapo nilijua, na yeye nadhani alijua kwamba najua, na tukaanza kuitengeneza gari.

Gari za shamba, za kwenda vijijini, zama hizo zilikuwa nusu chuma nusu mbao. Injini na magurudumu vilikuja kwa meli, bodi ikajengwa hapahapa na maseremala: nguzo za mbao, mabenchi, paa la kubebea mizigo, na pembeni wazi, na mapazia ya turubali ya kuteremsha ikinyesha. Hii ya baba ilikuwa imeshazeeka. Mbao zilikuwa zimeachana hata ukikaa benchi la nyuma unaiona barabara ikipita chini ya miguu yako.

Sasa baba alikuwa mtu wa Nungwi, wa ukoo wa watu wanaounda vyombo. Ujanani mwake aliikimbia kazi hiyo akaja mjini kujifunza udereva, lakini mikono haikukimbia. Akasema bodi inavuja, dawa yake ni kukalafatiwa. Akanituma pamba, akaichovya mafuta, akaanza kuishindilia katika nyufa kwa patasi butu, kama wafanyavyo Nungwi kwenye jahazi. Halafu akanituma sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo visitafunwe na wadudu.

"Baba," nikamwambia, "gari haielei."

"Mvua ya masika inajua hiyo?" akanijibu, akaendelea.

Lazima niseme haki yake. Kazi ya kukalafati aliifanya vizuri ajabu. Vidole vilitangulia, patasi ikafuata. Alikuwa akiusoma ubao kwa kidole cha shahada kutoka mwanzo hadi mwisho, na penye ufa, hata wa kupita unywele, alisimama hapo. Wapita njia waliokuwa wakichungulia uani walisema, "Mzee bado mkono wake ule ule," naye akajichekea. Nilipenda kumwona akicheka. Hilo ndilo lililoniponza.

Maana rangi haishikiki kwa kidole. Ubao una ukingo, ufa una ukingo, lakini baina ya rangi mbichi na ubao mtupu kidole hakijui kitu mpaka kiroweke. Aliupaka kijani ubao mmoja mara tatu, na wa pili yake akauruka kabisa. Juu ya taa akaacha kiraka kikubwa kama sahani. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi yake kama mtu anayeona, akanambia, "Unaonaje?"

"Imependeza, baba."

Basi nikawa naamka alfajiri. Baba alikwenda msikitini akakaa huko na uradi wake mpaka jua litoke, na muda huo nilikuwa nikiichukua brashi, nikijaza alipoparuka na kukwangua alipozidisha. Akirudi ananikuta jikoni nachoma maandazi, nimeshanawa kwa mafuta ya taa. Asubuhi moja aliuma andazi, akalitoa mdomoni, akasema, "Hili umelikanda kwa taa ya chemli?" Nikasema unga wa siku hizi haufai.

Kulikuwa na balaa jengine. Rangi juu ya sifa haikauki. Fundi yeyote wa Nungwi angemwambia, na yeye mwenyewe alikuwa akijua, lakini Nungwi vyombo havipakwi rangi ya kijani vikauzwa wiki ya pili. Ile rangi ikakaa inanata kama halua, nzi wakaja, na gari nzima ikanuka papa aliyeoza. Nilipochoka nikachukua chetezo, nikatia makaa na udi, nikaiweka chini ya mabenchi, nikateremsha mapazia yote. Nikaifukiza siku tatu. Jirani mmoja, mwanamke asiyeweza kupita mahali bila kuacha neno, akapitisha kichwa uani.

"Ehee! Mnamuoza nani?"

"Gari," nikamwambia.

"Mahari mmetaja?"

Udi haukuiondoa harufu ya papa. Ikawa papa aliyekwenda harusini.

Lililobaki lilikuwa lile bonyeo. Madigadi ya kushoto mbele ilikuwa imekunjika vibaya ilipokutana na baraza, na ndani ya mikunjo kulikuwa na chokaa bado. Hiyo baba hakuigusa. Akanambia nishughulike nayo mimi, na akaongeza, uso ameugeuzia kisimani, "Ipotee kabisa. Mtu asijue palikuwa na kitu."

Nikaifungua, nikailaza juu ya gogo, nikaigonga kwa ndani siku mbili, nikaijaza puti, nikaipiga msasa. Nilikuwa na hasira. Mungu anisamehe, kila nikigonga nyundo nilikuwa namgonga yeye. Hakuniambia, "Mwanangu, sioni, nisitiri." Angeniambia hivyo ningemsitiri mpaka siku ya kufa kwangu na roho yangu nyeupe. Alinifanya mshirika wake bila ya kuniomba, na kila asubuhi akaniuliza "Unaonaje?" kana kwamba mimi ndiye mwenye macho mabovu.

Lakini madigadi ikatoka nzuri. Ikipigwa jua usingejua.

Tukatangaza kwamba gari inauzwa. Watu wakaja. Wakaizunguka, wakaisifu rangi kwa mbali, wakainusa kwa karibu, wakachemua, na mwisho wote walitia swali lile lile: "Si hii ile isiyo na breki?" Baba akawajibu zitawekwa mpya. Wakasema inshaallah, wakaenda zao, hakurudi mtu. Pale Darajani, kwenye kituo cha gari za shamba, gari yetu ilikuwa imeshapewa jina. Waliiita Tamka Shahada, kwa kuwa ukitaka kuipanda utamke kwanza. Nililisikia jina hilo kwa masikio yangu nikinunua muhogo, watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu, na mimi ndani ya buibui langu nikaondoka na muhogo mbovu kwa sababu sikusubiri kuchagua.

Na hapo ndipo nilipoona tulipojitia. Baba aliisingizia gari ili aliokoe jina lake, na sasa jina la gari lilikuwa limeharibika hata haiuziki.

Yeye akaona dawa ni kuzibadilisha hizo breki kweli. Akazifungua mwenyewe, akalala chini ya gari asubuhi nzima, vidole vyake vinajua kila nati ilipo, akanipa vile vipande vya zamani vimefungwa gazetini nikalete vingine kama hivyo. Nikaenda duka la vyuma la Muhindi mmoja pale Darajani, mzee wa Kibaniani mwenye miwani mizito, aliyekuwa akimuuzia baba vipuri tangu mimi mtoto. Akafungua gazeti. Akavipitishia dole gumba, akavigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Bi mdogo," akasema, "hivi nani kasema vibovu?"

"Baba."

"Hivi vitatuzika mimi na wewe. Gari yenye breki hizi haigongi baraza."

Akanitazama juu ya miwani yake kitambo, halafu akaingia nyuma ya duka, akatoka na vipya, akavifunga. Hakusema la zaidi, ila alivirudisha na vya zamani, amevifunga vizuri kuliko nilivyokuja navyo.

Nilipofika nyumbani nikamwambia baba, "Muhindi kasema hivi vizima."

"Muhindi anauza vyuma. Haendeshi gari."

"Kasema gari yenye breki hizi haigongi baraza."

Baba alikuwa amekaa kwenye kibao, mikono imejaa grisi. Akaifuta kwa tambara, nikadhani sasa atasema. Nilitaka aseme. Nilisimama mbele yake kama niliyekuwa nikidaiwa jibu mimi.

"Niletee spana," akasema.

Nikaichukua spana, nikaitia kiganjani mwake kwa nguvu kuliko ilivyostahiki. Akaifumbatia. Hakunitazama, na hata angenitazama, angeona nini?

Baada ya wiki moja akaja mtu kutoka Uroa. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu mzima wa makamo, na tulimjua, maana mama yake alikuwa abiria wa baba wa kila Alhamisi: kibibi kimoja chembamba, kikikaa kiti cha mbele ubavuni mwa dereva, kikija mjini kumtazama binti yake na kurudi mchana. Siku ya Dunga alikuwemo, kiti hicho hicho. Yule mchuuzi akasema Uroa hawana gari tangu siku ile, watu wanakwenda kwa miguu mpaka Chwaka, na yeye anataka gari ya kupakia watu na samaki.

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Akaizunguka gari, akapanda, akateremka, akaigusa madigadi, akaipita. Baba akamtaka radhi kwa harufu.

"Harufu gani?" akauliza mchuuzi.

Wallahi nilitaka kucheka. Mteja wetu wa kwanza asiyechemua.

Wakakaa barazani, wao wawili na mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani aliyeitwa awe shahidi. Kwetu kitu kikuukuu hakiuzwi kimyakimya. Muuzaji huzitaja ila zake, kasoro za hicho kitu, mwenyewe kwa mdomo wake, moja moja, mbele ya shahidi. Mnunuzi akishazisikia zote husema "nimeridhia", wakapeana mkono, na hapo hakuna kurudi nyuma. Ila uliyoitaja imekwisha. Ila uliyoificha utaulizwa nayo mbele ya haki, na hata kabla ya huko watu hawakuachi.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na birika la kahawa na sahani ya halua. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilimwona baba akikunja kidole kwa kila ila.

"Injini inavuja mafuta kidogo, weka kopo chini ikilala. Gia ya pili inalia, ilizaliwa inalia. Asubuhi ya baridi haiwaki mpaka uipige hendeli. Benchi la tatu lina msumari, nimeupigilia mara kumi, unapenda mabuibui. Pazia la kulia limechanika. Na harufu, kwa wanaoisikia."

"Na breki?" akauliza mchuuzi.

Kidole cha baba kilikuwa kimenyooka, kinangoja kukunjwa. Hakikukunjwa. Nikasema mimi, kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ya adabu:

"Breki mpya. Nimezinunua mwenyewe kwa mkono wangu Darajani, na zimeshafungwa."

Kila neno hapo lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Niliufurahia, sifichi. Nilijiona nimemtoa baba kisimani.

Mchuuzi hakugeuka upande wa mlango. "Ahsante, bibie," akasema. Akamwelekea baba. "Ndivyo, mzee wangu?"

Baba akakishika kile kidole kwa mkono wa pili.

Mchuuzi akangoja. Akateremsha mguu mmoja chini ya baraza akitafuta kubadhi lake, akalipata, akaanza kutafuta la pili. Sikuelewa. Tumeshamwambia breki mpya, anavaa viatu vya nini?

"Ngoja," baba akasema.

Mguu ukasimama.

"Mpya ni mpya, mwanangu hakusema uongo. Lakini zile za zamani hazikuwa na ila. Gari hii haijapata kukataa kusimama hata siku moja. Nimeisingizia." Akakikunja kile kidole. "Siku ile sikuiona baraza. Sioni vyema tangu kabla ya mfungo uliopita. Ila kubwa ya gari hii ilikuwa mimi. Nimempakia mama yako kila Alhamisi, nami sioni."

Mwalimu akasema "La ilaha illallah" chini chini. Mimi nyuma ya mlango birika lilikuwa linaniunguza tumbo na sikulisogeza. Niliona haya. Nilimwonea baba huruma mpaka ikaniuma, na yule mtu wa Uroa nilimchukia kwa kule kuwa na masikio. Nilijua ataondoka, na kabla ya magharibi habari itakuwa imeshafika Darajani, na Jumamosi itakuwa imefika Nungwi kwa ndugu zake.

"Mama alishanambia," akasema mchuuzi.

Baba akainua uso.

"Yeye si anakaa mbele? Anasema mwaka mzima huu yeye ndiye aliyekuwa akikuonesha njia: Punda huyo. Watoto hao, wanavuka. Njoo kulia kidogo, kuna shimo."

"Nilidhani anapiga soga," baba akasema polepole.

"Siku ya Dunga alisinzia. Kaamka yuko barazani kwa watu. Mpaka leo anajilaumu usingizi wake."

"Na kwa nini hakusema?"

"Alikuwa anakusitiri." Mchuuzi akalivua lile kubadhi. "Kanambia, kanunue, kijiji hakina gari. Muulize habari ya breki. Akikwambia breki, rudi zako, mtu anayeisingizia gari yake hakuuzii kitu kizima. Akikwambia macho, ilipe bila ya maneno." Akacheka kidogo, akafuta uso. "Nshavaa kiatu kimoja, mzee. Umenitisha."

Akanyoosha mkono. "Nimeridhia." Baba akaupapasa mkono hewani, safari hii mbele ya watu, bila ya kujifanya, mpaka akaupata.

Nilipeleka kahawa imeshapoa, na hakuna aliyesema kitu juu ya kahawa wala juu yangu. Walipoondoka nikabaki nakusanya vikombe, sijui pa kuweka macho. Ule uongo wangu wa adabu ungelimuuza baba badala ya gari. Neno moja la "ndivyo" kutoka kwake, na yule mtu angekwenda Uroa na habari ya kwamba baba na binti yake wote ni waongo. Na baba hakujua kwamba anatahiniwa. Alisema tu.

"Umenisitiri, mwanangu," akanambia. "Ahsante. Sasa basi."

"Naam, baba."

"Na ile rangi ya alfajiri, ubao wa tatu umeiweka nzito mno."

Nilicheka na kulia mara moja, kitu ambacho si desturi yangu.

Asubuhi yake mchuuzi alikuja kuichukua gari, na akamtaka baba afuatane naye mpaka Uroa amjulishe tabia zake, kile kilio cha gia na lile hendeli. Nikaenda na mimi. Ilikuwa Alhamisi. Yule kibibi alikuwa amelala mjini kwa binti yake, tukampitia Darajani, na wale waliokuwa wakicheka Tamka Shahada walisimama wakitutazama. Nikampa shikamoo, akaniitika marahaba, akapanda kiti chake cha mbele, ubavuni mwa mwanawe. Baba na mimi tukakaa benchi la pili na wanawake watatu na matenga matupu ya samaki. Wanawake wakajisogeza kumpa baba nafasi. Hakuna aliyeuliza kitu. Nadhani wote walikuwa wakijua, na baadhi yao tangu zamani.

Baba alikaa njia nzima mikono juu ya magoti. Mara mojamoja alimwambia mchuuzi, "Sasa tia ya pili," na mchuuzi akatia, ikalia, kibibi kikasema, "Ilizaliwa inalia hiyo." Kabla ya kufika Dunga barabara ina kona na mteremko mdogo. Baraza ilikuwa imeshajengwa upya, chokaa nyeupe inaumiza macho.

"Dereva!" akaita kibibi.

"Naam, mama," akaitika mwanawe kwenye usukani.

"Si wewe. Namwita dereva."

Baba akatikisika kidogo pale benchini. "Naam," akasema.

"Baraza hiyo, mkono wa kushoto."

"Naijua," baba akasema, na nilipotazama chini, mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaukanyaga ubao.